Mama Daktari na Kozi ya Nyota

Kama Karambu angefunga mdomo Jumapili ile, hadithi hii isingekuwapo. Lakini nani amewahi kumwona Karambu amefunga mdomo? Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, bintiye Maxine alikuwa amepata A, na mchungaji wa kanisa lao kule Nkubu akampa mama mtu kipaza sauti amshukuru Mungu kwa ufupi. Mungu alishukuriwa kwa ufupi kweli. Kisha Karambu akawageukia waumini.

"Maxine wangu atakuwa daktari!" akatangaza. "Na wa kwanza kupimwa presha bila kupanga laini ni Tabby!"

Tabby alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na presha yake ilijulikana na kila mtu kwa sababu aliitaja katika kila maombi. Alisimama akapiga vigelegele, na wenzake wakadakia. Kufikia Jumatatu habari zilikuwa zimefika sokoni Gakoromone, Meru mjini, ambako Karambu na Tabby waliuza ndizi meza kwa meza. Hata vijana wa mikokoteni, ambao kila mwanamke kwao ni "mathe" tu, walianza kumwita Karambu Mama Daktari.

Jina lile lilimwingia mwilini kama chai ya moto asubuhi ya baridi. Karambu, ambaye tangu Maxine akiwa mgongoni alijulikana kwa kugombania kila senti, alimwambia mteja mmoja, "Chukua tu, Mama Daktari hawezi kubishania ndizi mbili." Tabby alilazimika kuketi aliposikia maneno hayo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuulizwa, naye ni Maxine.

Maxine alikuwa msichana wa maneno machache, amemfuata baba yake, Gikunda, mkulima ambaye angeweza kumaliza siku nzima kwenye kahawa yake akiwa amesema "eh" mara chache na kuridhika. Kwa hiyo aliponyamaza kanisani, mama yake alidhani ni furaha. Alinyamaza hivyo hivyo mpaka serikali ilipofungua mtandao wa kuchagua vyuo. Jioni hiyo walikuwa wanakula githeri. Maxine akaweka kijiko chini.

"Mama, sitaki kuwa daktari."

"Unataka kuwa nini?" Karambu aliuliza huku akicheka, maana alidhani ni mzaha.

"Nataka kusoma astronomia. Astronomia na astrofizikia. Ni mambo ya nyota, jua, sayari. Namna zinavyozaliwa na kufa."

Karambu aliacha kucheka. Alimtazama mumewe, lakini Gikunda alikuwa ameinamia sahani yake kana kwamba kila punje ya mahindi ilikuwa na jina lake na alitaka kulijua.

"Nyota," Karambu akasema. "Na nyota zinalipa mshahara tarehe ngapi?"

Ugonjwa huu, kama Karambu alivyouita, Maxine aliupatia Embu, alikosomea shule ya bweni. Siku moja akiwa kidato cha pili wageni walikuja na darubini, wakaiwekea kioo cheusi, wakawaambia wasichana wapange laini wachungulie jua saa sita mchana. Zamu ya Maxine ilipofika, aliona duara la rangi ya chungwa lenye madoa meusi, kama ya ndizi iliyoiva sana. Wenzake walichungulia, wakasema "waa," wakaenda kula. Maxine alibaki akiuliza madoa yale ni nini. Jibu alilopewa lilizaa maswali mengine, na tangu hapo maswali hayakuwahi kuisha.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na usiku ule Karambu alielewa walikuwa wakisema na nani. Angewaambia nini akina Tabby? Kwamba daktari ameyeyuka? Lakini aibu ilikuwa nusu tu ya maneno. Nusu nyingine ilikuwa woga. Pale Gakoromone palikuwa na kijana mwenye digrii yake safi aliyeuza vitunguu, na kila Karambu alipompita alijiambia kwamba mtoto wake hataishia pale. Daktari hakosi kazi, kwa maana watu hawakomi kuugua. Lakini je, nani aliwahi kuamka asubuhi akasema anatafuta mtu wa nyota, upesi?

Basi akakataa. Alikataa kwa sauti asubuhi, akakataa kwa kununa jioni. Maxine hakubishana, alizidi tu kukonda. Karambu alimwona akikonda, ikamuuma, na kwa kuwa ilimuuma akazidi kufoka.

Mambo yalikuwa hapo Njeru alipofika sokoni na lori lake.

Njeru alikuwa mfanyabiashara wa ndizi kutoka Embu, mwenye nyumba yake mtaa wa Majimbo, mtu mnene na mcheshi. Binti yake, Ruguru, alisoma darasa moja na Maxine, na likizo fupi za katikati ya muhula Maxine alizimalizia kwao. Lakini si hayo yaliyomfanya Njeru awe mtu wa pekee kwenye meza ya Karambu. Miaka mingi nyuma, siku ya kwanza aliponunua ndizi pale, alitaja ukoo wake wa Mbeere. Gikunda, ambaye siku hiyo alikuwa amemsindikiza mkewe, aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Huyu ni gichiaro chetu!" akasema, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi ule mzima.

Gichiaro, kwa asiyekijua, ni udugu wa kiapo kati ya koo mbili. Mababu waliapiana, na wajukuu hawana la kufanya ila kutii. Mtu wa gichiaro humdanganyi wala humdhuru, na akikuomba kitu kwa jina la gichiaro, humnyimi. Ukimnyima, mambo yako yataharibika na hakuna atakayekuhurumia, maana utakuwa umejitakia. Waliosoma wanaogopa gichiaro. Wachungaji nao wanaogopa, ila hawapendi kuulizwa.

Njeru naye alikitumia. Kila siku ya kununua, akishalipa mikungu yake, angesema kwa upole, "Mama Maxine, kwa gichiaro, niongeze chane moja." Karambu angesonya, angemwita mnyonyaji, angemwambia mababu zake walikuwa na kazi mbaya ya kula viapo ovyo, halafu angekata chane na kumpa. Hakuwahi kumnyima hata siku moja.

Siku hiyo Njeru alilipa mikungu yake, lakini hakuomba chane. Alivua kofia.

"Mama Maxine, leo nina ombi kubwa."

"Usiniambie unataka mkungu mzima."

"Kwa gichiaro, naomba mtoto aachwe asome kile anataka."

Tabby, kwenye meza ya pili, aliacha kuhesabu chenji yake. Karambu alihisi masikio yakiwaka moto.

"Ni nani amekutuma? Maxine amekupigia?"

"Amemwambia Ruguru, Ruguru akalia kwangu siku tatu. Lakini hiyo si maneno. Ombi ni langu. Nimeomba, na wewe unajua nimeomba kwa nini."

Karambu alitafuta tusi akalikosa. Alitafuta mlango wa kutokea, nao haukuwapo. Alimtazama Tabby, akitarajia kuona dharau, lakini Tabby alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma kama mtu aliye kwenye matanga.

"Pole, dada," Tabby akasema. "Hapo hauna la kufanya. Gichiaro ni gichiaro."

Na hapo ndipo Karambu alipohisi kitu ambacho hakukitarajia. Mabega yake yalishuka. Pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu jioni ile ya githeri ilitoka yote kwa mara moja. Hakuna ambaye angemcheka! Hakuwa mama aliyeshindwa na mtoto, wala mama aliyejisifu bure kanisani. Alikuwa mama aliyelemewa na viapo vya watu waliokufa zamani, na nani angemlaumu kwa hayo? Alikunja uso vizuri ili Njeru asione alivyofarijika.

"Haya," akasema. "Umeomba, umepewa. Na usiniombe kitu kingine mpaka mwaka uishe."

Nyumbani Maxine alimkumbatia mpaka leso ikamdondoka. Gikunda akasema "eh," na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akaongeza chakula.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini Maxine, sasa mlango ulipofunguliwa, alisimama kizingitini akaingiwa na hofu. Kulikuwa na njia mbili. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na digrii ya astronomia na astrofizikia yenyewe. Karibu na nyumbani kulikuwa na chuo cha fizikia ya kawaida, ambako angeweza kurudi kila wikendi, na kama nyota zingemkataa angekuwa mwalimu wa sekondari. Alilala akiwa wa Nairobi, akaamka akiwa wa karibu. Alibadilisha chaguo lake la kwanza mara nyingi mpaka mwenye duka la kompyuta akamwambia, "Dada, hii ni kuchagua chuo, si kuchagua viatu."

Karambu alivumilia, halafu uvumilivu ukamwisha. Mtu hawezi kunyang'anywa daktari na pia anyimwe mtu wa nyota.

"Nipigie mtu anasoma huko," akaamuru.

Maxine akampigia Linda, msichana aliyemtangulia shuleni na sasa alikuwa mwaka wa tatu katika kozi ile. Karambu akamnyang'anya simu. Maswali yalimiminika. Mnalala wapi? Mnakula nini? Ni kweli mnafundishwa usiku, na nani anawachunga? Linda alicheka, akamwambia kwamba mwaka wa kwanza ni hesabu na fizikia tu, tena hesabu ya kulia machozi, na kwamba darubini huja baadaye, na sehemu kubwa ya kazi ni kukaa kwenye kompyuta kuchambua mwanga uliokwisha kupigwa picha. Waliomaliza walikuwa wapi? Wengine walikuwa wanaendelea na masomo nje, wengine walikuwa kwenye mambo ya setilaiti, wengine benki kwa sababu ya ile hesabu, na wengine, Linda akasema bila kuficha, walikuwa bado wanatafuta.

"Na wewe unajuta?" Karambu akauliza.

Linda hakucheka safari hii. "Nachoka, mama. Lakini sijuti."

Jibu hilo lilimkaa Karambu. Alipokuwa msichana aliwahi kuifungua redio ya baba yake kwa kisu cha jikoni, akaiunganisha tena, ikalia vizuri kuliko mwanzo. Alitaka kuwa fundi wa redio. Walimpeleka kushona nguo. Alishona kwa mwaka mmoja, akachukia kila sindano, ndipo akakimbilia ndizi. Hakuwahi kuwa na huzuni kubwa juu ya jambo hilo, alikuwa amelisahau. Sasa alilikumbuka akiwa ameshika simu, na likamuuma kama kidole kilichobanwa na mlango.

"Sikia," akamwambia Maxine. "Ukitaka ndizi, unaenda kwa mwenye shamba la ndizi, hauendi kwa mtu anauza mboga na ndizi kidogo pembeni. Chuo ya hapa ni nzuri, lakini ni ya mtu anataka fizikia. Wewe unataka nyota. Enda mahali nyota iko kwa jina."

"Na kama nitashindwa?"

"Utashindwa ukiwa mahali ulitaka. Kuliko ushinde mahali hautaki, halafu uishie kukasirikia sindano."

Maxine hakuelewa sindano ziliingilia wapi, lakini alielewa mengine. Ikakubaliwa. Siku ya mwisho ya kuchagua, Gikunda akavaa koti lake la kanisani akamsindikiza bintiye mpaka duka la kompyuta, Meru mjini. Karambu akabaki kwenye meza yake, hatua chache kutoka hapo, akijifanya hana wasiwasi.

Mchana huo Njeru akatokea bila lori. Haikuwa siku yake ya kununua. Uso wake ulikuwa umesawijika, na Tabby alikuwa ameenda kunywa chai, kwa hiyo Karambu alimpokea peke yake.

"Umefiwa?" akamuuliza.

"Afadhali ningefiwa." Njeru aliketi juu ya kreti bila kukaribishwa. "Mama Maxine, jana nilikuwa kwa mjomba wangu Mbeere. Nikamsimulia vile gichiaro kimeniheshimu huku kwenu Imenti. Akaniangalia hivi, akaniuliza, Imenti gani? Akasema kiapo chetu tulikula na ukoo mwingine wa Wameru, wa huko Tigania. Si wenu. Hatujawahi kula kiapo na nyinyi. Bwana yako alikosea ile siku, na mimi sikujua, nikafurahi tu."

Karambu alikaa kimya. Kwa Karambu, hiyo ilikuwa ajabu peke yake.

"Sasa nimekuja kuondoa ombi langu," Njeru akaendelea, akifuta jasho. "Kuomba kwa kiapo ambacho si chako ni kitu kibaya. Lori limetoboka gurudumu mara mbili wiki hii. Ulimwachilia mtoto kwa sababu yangu, na mimi sikuwa na haki. Kama ulikuwa unataka udaktari, mtandao bado haujafungwa. Mpigie abadilishe. Hauna deni na mimi."

Njeru angekuja na habari hiyo siku alipoomba, Karambu angemkumbatia. Angemfukuza kwa bua la ndizi, kisha angeimba mpaka Nkubu. Sasa alijaribu kutafuta furaha ile moyoni asiipate. Alikuwa huru. Angeweza kuwa Mama Daktari tena kabla ya jua kutua, kwa simu moja tu. Lakini alichokikuta ndani yake kilikuwa hofu tupu: hofu kwamba mtu mwingine angesikia maneno ya Njeru, ayafikishe kwa Maxine, na mtoto mwenye moyo laini vile aende abadilishe mwenyewe ili amfurahishe mama.

Alitoa simu. Akampigia Maxine.

"Mama?" Maxine akaitika.

"Umebonyeza?"

"Bado. Watu ni wengi, mtandao unazunguka tu." Sauti ya Maxine ikashuka. "Kwani kuna nini? Umebadilisha mawazo?"

Njeru alikuwa amekodoa macho. Karambu akampa mgongo.

"Nani amekuambia hivyo? Nauliza tu mbona mnachelewa. Kaa hapo mpaka iingie. Nairobi, chaguo la kwanza. Baba yako asikuharakishe."

"Hata haongei."

"Najua haongei. Bonyeza, mtoto wangu."

Simu ilibaki wazi. Karambu alisikia kelele za duka, vidole vya watu kwenye kompyuta, mtu akilalamikia bei. Alisimama wima, ameshika kisu cha kukatia ndizi bila kujua anakishikia nini. Kisha akasikia Maxine akipiga ukelele mdogo, na nyuma yake sauti ya Gikunda ikisema kwa nguvu kabisa, "Imeingia!" Mtu mzima, kwenye duka la watu.

Karambu aliketi. Machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa akicheka. Alikuwa ametulia kuliko siku ile Tabby alipompa pole, maana siku ile alikuwa ametuliwa mzigo na watu wengine. Leo alikuwa ameutua mwenyewe.

"Sasa wewe," akamgeukia Njeru akijipangusa kwa leso. "Miaka yote hiyo umekula machane yangu na wewe si mtu wetu!"

"Nitalipa," Njeru akasema kwa unyonge.

"Utalipa nini, na zimekuwa kitambi?"

Tabby akarudi na kikombe chake cha chai. "Huyu gichiaro wako anaomba nini tena?"

Njeru akainamisha kichwa. Ilikuwa rahisi kumwachia Tabby aendelee kuamini. Karambu aliiona njia hiyo, pana na laini.

"Si gichiaro," akasema. "Ametoka kuniambia sasa hivi. Bwanangu alikosea."

Chai ya Tabby ilimwagika. "Basi Mungu ni mwema! Mtoto anarudi kwa udaktari!"

"Harudi. Amebonyeza Nairobi, nyota."

"Na ni nani amekulazimisha sasa?"

"Hakuna mtu. Nimemruhusu mimi. Jumapili nitachukua kipaza sauti niseme hivyo hivyo."

Tabby aliweka kikombe mezani. Halafu akakumbuka jambo. "Na presha yangu?"

"Hospitali kuu iko pale juu, Tabby. Panga laini kama watu."

Tabby akacheka mpaka akashika meza, na akina mama wa meza za jirani wakauliza kuna nini, naye akawaambia wote, kwa kuwa siri haikai Gakoromone. Kufikia jioni jina la Mama Daktari lilikuwa limekufa, na Karambu aliitwa tena Mama Maxine, akageuka alipoitwa.

Njeru alikuwa amesimama kuondoka. Alinunua chane moja la kupeleka nyumbani, akalipa bei ya kawaida, hakuomba nyongeza. Alikuwa amefika karibu na lango Karambu alipomkimbilia na chane jingine mkononi, lililoiva, lenye madoa meusi, lile tamu kabisa ambalo huwa halifiki mezani.

"Sikuomba," Njeru akasema, akirudi nyuma kama anayeogopa mtego.

"Najua hukuomba," Karambu akamwambia, akamtia ndizi mikononi. "Nimekupa tu."